Folda ya Pamoja Inapogoma Baada ya Kusasisha Windows

Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zilizokuwa zimeahirisha kuhamia Windows 11 zikajikuta zinahama kwa mkupuo, mara nyingi mwishoni mwa juma ili kazi zisisimame. Jumatatu asubuhi mhasibu anabofya diski Z, ile ambayo kila mtu huwekea ankara na barua, na badala ya kuona faili anakutana na kisanduku cha ujumbe. Intaneti ipo, printa inachapa, kifaa cha kuhifadhia kinamulika taa zake kama kawaida, ila folda haifunguki. Fundi akiitwa, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba sasisho limeharibu mtandao.

Faili ziko pale pale zilipokuwa, na mtandao kwa kawaida ni mzima. Kilichobadilika ni masharti ambayo kompyuta inayaweka kabla ya kukubali kuzungumza na kifaa kingine, na mengi ya masharti hayo yalikuja na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa miaka mingi Windows ilikubali kuingia kwenye folda ya mtandao bila mtumiaji kutambulika, na ilikubali kupokea data isiyo na saini ya kuthibitisha kwamba haijachezewa njiani. Kwa kompyuta nyingi za ofisini mambo hayo mawili sasa yamekatazwa. Ninaamini kwamba tiba sahihi iko upande wa kifaa kinachohifadhi faili, wala si upande wa kila kompyuta inayokifikia. Lakini mafundisho mengi yaliyotapakaa mtandaoni yanakwenda kinyume cha hapo, na ili kuona kwa nini yanapotosha inabidi kwanza kufuatilia jinsi mazungumzo yenyewe yanavyokwenda.

Itifaki inayotumiwa na Windows kushirikiana faili huitwa SMB. Ilibuniwa mwaka 1983 na Barry Feigenbaum alipokuwa IBM, Microsoft wakaichukua na kuipanua, na leo haitumiki na Windows peke yake: Mac huizungumza, Linux huizungumza kupitia programu ya Samba, vifaa vya NAS, yaani vya kuhifadhia faili kwenye mtandao, vya Synology na QNAP huizungumza, rauta zenye tundu la USB huizungumza, na hata mashine kubwa za fotokopi hutumia SMB zinapotuma nyaraka zilizoskaniwa moja kwa moja kwenye kompyuta ya mapokezi. Unapobofya folda ya mtandao, kompyuta yako kwanza hufungua njia kwenye mlango namba 445 wa kifaa cha upande wa pili. Kisha pande zote mbili hukubaliana ni toleo gani la SMB litakalotumika. Baada ya hapo mtumiaji hujitambulisha kwa jina na nenosiri, na mwisho huomba folda mahususi, na hapo ndipo ruhusa zake za kusoma au kuandika hukaguliwa. Mazungumzo yanaweza kukatika katika hatua yoyote kati ya hizo, na kwa mtu aliyeketi mbele ya skrini matokeo yote yanafanana: folda haifunguki.

Hatua ya makubaliano ya toleo ndiyo iliyoanza kuleta kilio mapema zaidi. SMB1 ni itifaki ya zamani sana, na mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kutumia udhaifu uliokuwa ndani ya utekelezaji wake kwenye Windows, ingawa Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha udhaifu huo mwezi Machi mwaka huohuo. Kuanzia Windows 10 toleo la 1709, lililotoka mwishoni mwa 2017, Microsoft walianza kuiondoa SMB1 kwenye usakinishaji wa chaguo-msingi. Kifaa kisichojua toleo lingine lolote la SMB kitakataliwa na Windows 11, na namba ya kosa mara nyingi huwa 384. Rauta za bei nafuu zenye diski ya USB na NAS za miaka ya zamani ndizo huangukia hapa.

Kuondoka kwa SMB1 kulileta athari nyingine ambayo huwachanganya hata mafundi wazoefu. Orodha ya kompyuta inayoonekana chini ya neno Network ndani ya kidirisha cha faili ilikuwa ikitegemea huduma iliyofungamana na SMB1. Siku hizi orodha hiyo hutengenezwa kwa njia nyingine, iitwayo WS-Discovery, ambayo si kila kifaa kinaijua. Kwa hiyo kifaa kinaweza kutoweka kwenye orodha na bado kikafikika bila tatizo lolote ukiandika anwani yake moja kwa moja, kwa mfano `\\192.168.1.20`. Kabla ya kubadilisha chochote, andika anwani hiyo. Ofisi ambayo folda zake zinafunguka kwa njia hii haina tatizo la ruhusa wala la usalama. Ina tatizo la orodha tu.

Suala la mgeni ndilo lenye mafundo mengi zaidi. Watu wengi husema folda yao "haina nenosiri", lakini SMB haina kitu kama hicho. Windows kila mara hupeleka jina fulani, kwa kawaida jina la akaunti uliyowashia kompyuta. Kifaa kilichopangwa kwa ulegevu huangalia jina hilo, hakilijui, na badala ya kulikataa humwingiza mtumiaji kama mgeni. Ni sawa na mlinzi wa getini anayekuuliza jina, asilione kwenye daftari lake, kisha akakufungulia upite. Katika Samba tabia hiyo huletwa na mstari mmoja tu kwenye faili ya mipangilio, `map to guest = Bad User`, ukisindikizwa na `guest ok = yes` kwenye folda husika, na vifaa vingi vidogo vya kuhifadhia hutumia Samba ndani yake bila mnunuzi kujua.

Windows za daraja la Enterprise na Education zilikwisha kukataa kuingizwa kama mgeni tangu toleo lile la 1709. Daraja la Pro, ambalo ndilo limejaa kwenye maofisi madogo, liliendelea kukubali hadi lilipofika toleo la 24H2. Daraja la Home bado linakubali. Tofauti hii ya madaraja inaeleza kisa ambacho hurudiwa karibu kila mahali: kompyuta mpakato ya binafsi ya mfanyakazi mmoja inafungua folda bila shida, ya ofisi iliyo mezani pembeni yake inakataa, na zote mbili zina Windows 11 ya toleo lilelile. Mmoja atasema kebo ni mbovu, mwingine atasema kuna kirusi, lakini tofauti ni kwamba ya kwanza ni Home na ya pili ni Pro.

Ujumbe wenyewe hausaidii sana. Unasema kwamba huwezi kuifikia folda kwa sababu sera za usalama za taasisi yako zinazuia wageni wasiothibitishwa. Katika duka la stesheneri lenye kompyuta mbili hakuna taasisi wala sera iliyowahi kuandikwa na yeyote. Sera inayotajwa ni chaguo-msingi la Windows yenyewe. Ukijaribu kuunganisha kwa amri ya `net use`, kosa hilohilo hujitokeza kwa namba 1272, nayo ni dalili iliyo wazi kuliko maneno ya kisanduku.

Sharti la pili ni saini. Kila kifurushi cha SMB kinaweza kubeba saini ya kihesabu inayothibitisha kwamba kimetoka kwa yule aliyejitambulisha na kwamba hakikubadilishwa njiani. Uwezo huo ulikuwamo tangu enzi za Windows NT 4.0, lakini kwa kompyuta za kawaida ulikuwa wa hiari. Bila saini, mtu aliyejipenyeza kwenye mtandao mmoja na wewe anaweza kukaa katikati ya mazungumzo, akabadilisha yanayopita au akautumia utambulisho wako kuingia kwenye seva nyingine. Ned Pyle, mmoja wa wasimamizi wa SMB ndani ya Microsoft, alitangaza mwezi Juni 2023 kwamba saini itakuwa ya lazima, mabadiliko yakiwa bado kwenye matoleo ya majaribio, na 24H2 ikayaleta kwa umma: kompyuta za Pro, Enterprise na Education hudai saini zinapokwenda kwenye kifaa kingine na pia kifaa kingine kinapokuja kwao. Home haikuwekewa sharti hili pia.

Hapa ndipo masharti mawili yanapofungamana, na ndipo watu wengi wanapokwama. Ufunguo unaotumika kutia saini hutokana na uthibitishaji wa mtumiaji, yaani hatimaye hutokana na nenosiri lake. Mgeni hana nenosiri, hivyo hana ufunguo, hivyo hawezi kutia saini. Ukifuata yale maelekezo ya mtandaoni yanayokuambia uruhusu wageni kwa kubadilisha thamani ya `AllowInsecureGuestAuth` kwenye sajili ya Windows, utakuwa umefungua kufuli moja na kuacha la pili limefungwa, kwa sababu kompyuta bado inadai saini ambayo mgeni hawezi kuitoa. Malalamiko ya "nimefanya yote na bado haifanyi kazi" mara nyingi huzaliwa hapa. Maelekezo hayo mengi yaliandikwa kabla ya 24H2, wakati kufuli lilikuwa moja.

Sharti la tatu hutajwa mara chache, ingawa madhara yake ni ya kutatanisha. Toleo la 24H2 liliondoa kabisa NTLMv1, njia kongwe ya kuthibitisha nenosiri. Kifaa kisichojua NTLMv2, au ambacho mtu alikizimia NTLMv2 miaka iliyopita ili kompyuta fulani ya zamani iweze kuingia, sasa kitakataa jina sahihi na nenosiri sahihi. Mtumiaji ataandika nenosiri tena na tena akiamini amelisahau. Ukiona nenosiri linakubalika kwenye ukurasa wa usimamizi wa NAS ndani ya kivinjari lakini linakataliwa kwenye folda, angalia jambo hili kabla ya kuanza kubadilisha manenosiri ya watu.

Kabla ya kurekebisha lolote ni vizuri kujua mazungumzo yanakatikia wapi. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, na uulize kama mlango 445 unafikika, ukiweka anwani ya kifaa chako:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`

Jibu likiwa False kwenye mstari wa `TcpTestSucceeded`, suala la mgeni na saini halijafikiwa bado; tafuta kebo, swichi, anwani iliyobadilika, au ukuta wa ulinzi wa mtandao kwenye upande unaohifadhi faili. Kama anayehifadhi ni kompyuta nyingine ya Windows, uwezekano mkubwa ni kwamba baada ya kusasishwa imeuchukulia mtandao wa ofisi kuwa wa umma, na kwa hiyo imefunga milango ya kuingilia. Hili hurekebishwa kwenye kompyuta hiyo inayohifadhi, kwa kuuweka mtandao kuwa wa faragha. Kulibadilisha kwenye kompyuta inayoomba folda hakusaidii kitu.

Jibu likiwa True, jaribu kuunganisha kwa `net use` ndani ya dirisha la kawaida, si lile la msimamizi. Tofauti hii si ya kupuuza, kwa kuwa diski iliyounganishwa kwenye dirisha la msimamizi haionekani kwenye kidirisha cha kawaida cha faili, na fundi anaweza kuondoka akiamini amemaliza kazi. Namba ya kosa itakayotokea ndiyo itakayokuongoza. Tayari tumeziona 384 ya SMB1 na 1272 ya mgeni. Namba 86 na 1326 ni za jina au nenosiri lisilolingana. Namba 1219 maana yake ni kwamba kompyuta tayari imeunganishwa na kifaa hicho kwa jina jingine, na Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Ujumbe unaosema saini si sahihi, wenye namba 0xc000a000, unaelekeza kwenye kifaa kisichoweza au kilichokatazwa kutia saini. Ile namba mashuhuri ya 0x80070035, inayosema njia ya mtandao haikupatikana, ndiyo isiyoaminika kuliko zote. Hutokea kwa sababu nyingi mno kiasi kwamba kuitafuta mtandaoni ni kujipotezea muda.

Kama kuna kompyuta moja ambayo bado inafungua folda, itumie kama shahidi. Fungua PowerShell ya msimamizi juu yake na uandike `Get-SmbConnection`. Safu ya `Dialect` itakuonyesha toleo la SMB linalotumika, ukiona 1.5 hapo, unatazama SMB1, na ukiona 3.1.1, kifaa chako ni cha kisasa na tatizo lako huenda ni la utambulisho tu.

Tiba yenyewe, kwenye NAS iliyo hai na inayopokea masasisho, ni kazi ya nusu saa. Sasisha kwanza programu ya ndani ya kifaa. Kwenye mipangilio ya huduma za faili, upande wa SMB, weka kiwango cha chini kabisa kuwa SMB2 na cha juu kabisa kuwa SMB3, na uhakikishe kwamba saini haikuzimwa. Kisha tengeneza akaunti kwa kila mtu anayetumia folda, kila moja na nenosiri lake, na uzipe ruhusa kwenye folda zinazowahusu. Ni hatua ambayo wenye ofisi ndogo huiona kama usumbufu, na ninaelewa, kwa sababu ofisi ya watu wanne haioni haja ya daftari la majina. Lakini kuna faida wanayoiona baadaye: faili ikifutwa, kumbukumbu za kifaa zitaonyesha jina la aliyeifuta, wakati zamani zingeonyesha neno mgeni pekee. Ikiwa watu wanne kweli wanaona tabu, hata akaunti moja ya pamoja yenye nenosiri imara inatimiza masharti yote mawili ya Windows.

Kwa anayetumia Linux na Samba, saini haihitaji kushughulikiwa, kwa kuwa Samba haiwezi kuizima kuanzia SMB2 na kuendelea hata ukiandika hivyo kwenye mipangilio. Kinachobaki ni kumwondoa mgeni na kuongeza watumiaji kwa `smbpasswd -a`, ukikumbuka kwamba mtumiaji huyo lazima awe tayari na akaunti kwenye Linux, na kwamba nenosiri la Samba hutunzwa mbali na lile la kuingilia kwenye mfumo.

Baada ya kifaa kuwa sawa, kompyuta za watumiaji huwa bado zimeshikilia utambulisho wa zamani, na hapa watu hukata tamaa wakati kazi imekaribia kwisha. Andika `cmdkey /list` kuona utambulisho uliohifadhiwa, ufute unaohusu kifaa hicho kwa `cmdkey /delete:` ukifuatisha jina au anwani yake, kisha kata miunganisho ya zamani kwa `net use * /delete`. Amri hii ya mwisho hukata diski zote za mtandao, kwa hiyo waambie watu wafunge faili zao kwanza. Halafu unganisha upya, ukilitanguliza jina la kifaa mbele ya jina la mtumiaji ili Windows isije ikapeleka jina la kompyuta yako badala yake:

`net use Z: \\192.168.1.20\Ofisi /user:NAS\asha /persistent:yes`

Windows itauliza nenosiri, na hapo herufi hazionekani zinapoandikwa, jambo ambalo huwashtua wasiolizoea.

Mahali ambapo hakuna NAS, na folda ya pamoja ni ya kompyuta moja ya Windows iliyoachwa imewashwa kwenye kona, mambo yana utata wake. Mtu aliyezoea kuwasha kompyuta hiyo kwa PIN ya tarakimu nne ataiandika PIN hiyo kwenye kisanduku cha folda na kukataliwa, kwa sababu PIN hufanya kazi kwenye mashine ileile tu na haipiti mtandaoni. Akaunti isiyo na nenosiri nayo hukataliwa, kwa kuwa Windows huiruhusu tu kwa aliyeketi mbele ya mashine. Na akaunti ya Microsoft ya barua pepe huhitaji nenosiri la barua pepe hiyo, ambalo mwenye ofisi hataki kumpa karani. Njia safi ni kutengeneza kwenye kompyuta hiyo akaunti ya ndani kwa ajili ya folda peke yake, yenye nenosiri, isiyo na mamlaka ya usimamizi. Ruhusa zake zinatakiwa kuwekwa mahali pawili, kwenye ukurasa wa kushirikisha folda na kwenye ukurasa wa usalama wa folda hiyohiyo, na Windows hufuata ile iliyo kali zaidi kati ya mbili. Folda inayofunguka lakini inakataa kuhifadhi faili karibu kila mara imesahauliwa kwenye ukurasa mmoja kati ya hizo mbili.

Sasa tuje kwenye vifaa ambavyo havitengenezeki: NAS iliyoachwa na mtengenezaji wake, rauta yenye diski ya USB isiyojua watumiaji. Windows inaweza kulegezwa, na sioni sababu ya kuificha njia hiyo, kwa kuwa ofisi yenye faili za miaka kumi ndani ya kifaa cha namna hiyo lazima iziokoe. Kwenye PowerShell ya msimamizi:

`Set-SmbClientConfiguration -EnableInsecureGuestLogons $true`

`Set-SmbClientConfiguration -RequireSecuritySignature $false`

Zote mbili zinahitajika, kwa sababu iliyoelezwa juu. Jambo ambalo maelekezo mengi huliacha ni kwamba ulegezaji huu haufungwi kwenye kifaa kimoja wala kwenye mtandao wa ofisi. Kompyuta mpakato iliyolegezwa hivi itabaki legelege kwenye Wi-Fi ya hoteli, ya uwanja wa ndege na ya mgahawa, ambako mtu asiyejulikana anaweza kujifanya seva. Kwa kompyuta ya mezani isiyotoka ofisini ninaweza kuivumilia hali hiyo kwa siku chache za kuhamisha faili. Kwa kompyuta mpakato ya mkurugenzi, hapana. Baada ya kuhamisha, amri zilezile hurudishwa kwa `$false` kwenye ya kwanza na `$true` kwenye ya pili. Kurudisha SMB1 ni hatua nyingine kabisa, na singeishauri hata kwa siku moja kama diski inaweza kung'olewa kwenye rauta na kuchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, ambayo itaishirikisha kwa njia salama na kwa kawaida kwa kasi kubwa zaidi.

Wapo wanaozima saini kwa kuogopa kwamba inapunguza mwendo. Kwenye NAS yenye prosesa dhaifu na faili kubwa za video hofu hiyo ina msingi. Kwenye ofisi ya barua na majedwali hakuna atakayeona tofauti.

Mashine ya fotokopi inahitaji kuangaliwa peke yake, maana hapa mwelekeo unageuka: mashine ndiyo inayobisha hodi kwenye kompyuta. Kwa kuwa 24H2 hudai saini pia kwa anayeingia, mashine ya zamani inayoskani vizuri itaonyesha kosa la kutuma, na kubadilisha mipangilio ya upande wa mteja kwenye kompyuta ya mapokezi hakutabadilisha chochote. Mpangilio unaohusika ni wa upande wa seva, `Set-SmbServerConfiguration -RequireSecuritySignature $false`, nao ukizimwa unailegeza kompyuta hiyo kwa kila anayeifikia. Kama mashine inaweza kutuma skani kwa barua pepe au kuihifadhi kwenye flashi, hizo ni njia bora. Na kama ofisi ina NAS inayopokea FTP, itifaki nyingine ya kuhamisha faili, mashine nyingi za zamani zinaijua FTP na zinaweza kupelekewa huko, kwenye folda ambayo haina kingine chochote.

Kuna kundi la mwisho la kompyuta ambazo haziponi kwa lolote kati ya haya. Ni zile zilizosakinishwa kwa kunakiliwa: fundi aliandaa kompyuta moja, akachukua nakala ya diski yake nzima, akaimwaga kwenye nyingine zote za maabara ya shule au za ofisi. Zinaponakiliwa bila kupitishwa kwenye programu ya Sysprep, kompyuta zote hubeba namba moja ya utambulisho wa ndani, iitwayo SID. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwa na madhara yanayoonekana. Masasisho yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 kwa ajili ya 24H2, 25H2 na Windows Server 2025 yalianza kukagua SID hizo wakati wa uthibitishaji, na kompyuta zenye namba moja zikaanza kukataana: nenosiri sahihi linakataliwa, kisanduku kinajirudia, folda hazifunguki kwa jina wala kwa anwani, na hata kuiendesha kompyuta nyingine kutoka mbali kunashindikana. Kwenye kumbukumbu za matukio ya mfumo huonekana tukio namba 6167.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye kila kompyuta, ukiwa umeingia kwa akaunti ya ndani, andika `whoami /user`, na ulinganishe namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Kundi la mwisho la tarakimu, kwa kawaida 1001 au jirani yake, ni la mtumiaji. Yaliyotangulia ni ya mashine. Yakifanana kwenye kompyuta mbili, umepata chanzo, na hakuna mpangilio wa mgeni wala wa saini utakaosaidia. Microsoft hutoa sera maalumu ya muda kwa wanaowasiliana na kitengo chao cha huduma, lakini tiba ya kudumu waliyoitaja ni kusakinisha upya kompyuta hizo kwa nakala iliyopitishwa kwenye Sysprep, ili kila moja ijitengenezee namba yake. Anza na ile inayohifadhi folda, baada ya kunakili faili zake kwenye diski ya nje: mara SID yake ikiwa tofauti na za wenzake, zote zinaweza kuifikia tena hata kabla ya zilizobaki kushughulikiwa.